Moshi wa Mbao za Kijani

Daktari Lamwaka alikataa kiti. Kilikuwa kimoja tu chumbani, na aliona kwamba Esperance, mwenye mimba ya miezi sita, ndiye aliyenyanyuliwa ili mgeni akikalie. Akamwambia binti aketi, yeye akasimama mlangoni na mkoba wake, kisha akasema neno lake bila kuzunguka, kwa Kiswahili cha kambi ya askari alikokulia.

"Tumepata madini ya risasi kwenye damu ya Esperance. Ni mengi. Hayana harufu, mtu hajui kama anayo, lakini yanatoka kwa mama yanaingia kwa mtoto. Yanaharibu ubongo wake kabla hajazaliwa. Yakizidi, hata mimba inaweza kutoka."

Pélagie, mama mzazi wa Esperance, alikuwa sakafuni anapanga vipande vya udongo kwenye sinia. Pale soko la Bukoto alijulikana kwa sauti. Akiita mteja, hata wa ng'ambo ya barabara aligeuka. Siku hiyo sauti haikutoka. Mumewe Emile ndiye aliyeuliza.

"Docta, huyu mtoto anakula tunachokula sisi wote. Hayo madini ameyatoa wapi?"

"Ndiyo nimekuja kutafuta, papa. Kliniki tumepima wanawake wengi wenye mimba. Walio na risasi nyingi, karibu wote wanakula udongo."

Wote wanne wakaangalia sinia.

Na asiyewahi kubeba mimba Kampala asije akacheka hapa. Hamu ya udongo haichagui; inamshika mke wa mkubwa na muuza mboga vilevile. Waganda wana emumbwa yao, udongo uliochanganywa na majani ya dawa na kukaushwa juani, na bibi gani wa Kiganda hakuila? Wakongo walikuja na wa kwao, wa kufukizwa, mweusi kwa nje, unaonukia kama mvua ya kwanza. Wa Pélagie ulisifiwa kuliko wote. Hata manesi wa kliniki hiyohiyo walisimama mezani pake, wakatazama kulia na kushoto, wakanunua. Na vile vipande vilivyokaa chini kabisa ya pipa, karibu na moto, vilivyoshiba moshi, Pélagie hakuviuza kwa bei yoyote. Alimwekea mwanawe. Bienfait, mume wa Esperance, alikuwa ameenda Juba kuendesha lori, na mama mtu aliona ni wajibu wake kumdekeza binti mpaka mume arudi.

"Mnautengenezaje?" Lamwaka aliuliza, kalamu mkononi.

Emile alieleza. Udongo waliununua kwa wachimbaji wa kinamasini. Pélagie aliutwanga, akauchuja, akaufinyanga na kuuanika. Kisha yeye Emile aliufukiza ndani ya pipa la chuma nyuma ya nyumba.

"Kwa kuni gani?"

Hapo Emile aliitazama kalamu ya daktari.

Kuni zenyewe hazikuwa kuni. Kule Bugolobi, upande wa viwanda, ghala moja la zamani lilikuwa linavunjwa, na milango yake, fremu zake na dari yake vyote vilikuwa vya mbao zilizopakwa rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka, tangu kabla Emile hajazaliwa. Mlinzi wa pale, Ojera, mwanajeshi mstaafu, alizipitisha kwenye pengo la mabati kwa yeyote aliyemkumbuka kwa kitu kidogo. "Ukikamatwa, mimi hapana jua wewe," alikuwa akisema, na biashara ikaishia hapo. Zilikuwa kavu mno, zilishika moto upesi, na moshi wake mzito ndio ulioupa udongo wa Pélagie ule weusi uliopendwa. Tuseme tu ukweli: ilikuwa mali ya wizi. Emile alikuwa mkimbizi mwenye kibali kilichochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, na alikuwa amemwona jirani yake Arsène akipakiwa kwenye gari la polisi kwa ajili ya mabati mawili tu. Sasa mbele yake alisimama mtu wa serikali, mtoto wa askari, anaandika.

"Mkaratusi," alisema. "Tunanunua kwa wauza kuni, sawa na watu wote."

Pélagie alimtupia jicho, akarudi kwenye sinia yake. Esperance alitazama chini. Katika nyumba ile mambo ya vibali na polisi aliyasema baba, na akishasema, wengine hawakuongeza. Wala hakuna hata mmoja wao aliyedhani kwamba kuni zina uhusiano wowote na damu. Lamwaka akaandika mkaratusi, akaomba vipande vichache vya kupeleka maabara.

"Docta," Pélagie alisema hatimaye, "mtoto atapona?"

"Akiacha udongo leo, damu itashuka polepole. Nitampima tena."

"Ameacha," Pélagie alisema, kabla binti mwenyewe hajafungua mdomo.

&nbsp;

Mkutano uliitwa asubuhi, na chai ilikuwa imepoa kabla Bwana Odur, mkuu wa wakaguzi wa afya, hajaingia. Lamwaka alisoma matokeo. Udongo wa kufukizwa ulikuwa na risasi nyingi. Emumbwa za kukaushwa juani zilikuwa na chembe tu, kama ile iliyomo kwenye vumbi la barabarani. Maji yalikuwa safi. Udongo mbichi wa kinamasini haukuwa umepimwa, maana mashine ya kupimia udongo ya maabara yao pale Wandegeya ilikuwa imeharibika kabla ya kuufikia, na kipuri kilingojwa kutoka nje.

"Kwa hiyo?" Odur aliuliza.

"Kwa hiyo risasi inaingia mahali fulani kati ya kinamasi na meza ya soko. Kuni nimeuliza, wanasema mkaratusi, na mkaratusi hauleti risasi. Kinachobaki ni udongo wenyewe, labda shimo moja tu kati ya mengi. Lakini sina hakika, bwana. Naomba tungoje kipuri."

"Wewe natoa maji, natoa kuni. Nabaki nini?"

"Udongo."

"Basi mimi nafunga udongo."

"Lakini emumbwa karibu haina kitu. Tukifunga zote—"

"Daktari." Odur alivua miwani. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya. "Mimi nilikuwa huko mitaani wakati ya kipindupindu. Wakubwa wenu walisema ngoja maabara. Sisi tulingoja, na tulizika watu. Na hawa askari wangu hapana jua udongo ya moshi na udongo ya jua. Mimi nawapa neno moja tu: udongo, hapana."

Mbele ya macho yake Lamwaka alimwona yule binti wa Bukoto akinyanyuliwa kwenye kiti. Kungoja nako kulikuwa na hatari yake. Akatia sahihi, ila akaongeza kwa mkono wake maneno haya: kwa muda, hadi udongo mbichi utakapopimwa. Tangazo liliposomwa redioni, maneno hayo hayakuwemo. Amri inayosema "kwa muda" haina meno, na Odur alitaka yenye meno.

&nbsp;

Walikuja sokoni na mapipa ya maji na mtu wa kamera. Udongo hauchomeki, hivyo Odur aliona dawa yake ni kuuzamisha. Sinia ya Pélagie ilikuwa ya kwanza. Kijana wa manispaa aliimimina pipani, akakoroga kwa mti, na kazi ya majuma ikageuka uji wa kahawia mbele ya wateja walewale waliokuwa wakiusifia. Mmoja wao, mwanamke aliyenunua kwa Pélagie tangu mimba yake ya kwanza, alisema kwa nguvu ili kamera isikie: "Kumbe hawa Wakongo walikuwa wanatuua."

Pélagie alifunga kitambaa chake cha meza, akakikunja, akakikunja tena mpaka hapakuwa na cha kukunja.

Jirani yake sokoni, Hajati Rukiah, mama wa Kiganda aliyeuza emumbwa mahali hapo tangu mama yake afariki, hakunyamaza. Alilalia sinia yake kwa kifua.

"Ssebo, mimi hapana weka kwa moshi. Mimi naweka kwa jua. Uliza huyo musawo, daktari wenu, alikuja akachukua ya kwangu. Alisema namna gani?"

"Udongo ni udongo, mama," askari alimjibu.

"Basi hata barabara uipeleke polisi, nayo ni udongo."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Walimnyanyua mikono huku na huku, buibui likavuka mabegani, wakampeleka kituoni kwa kumzuia askari kazini, na huko akalala kwenye sakafu ya saruji pamoja na wezi wa simu. Pélagie aliona yote. Alikuwa na la kusema, maana ni kweli Rukiah hakuwahi kufukiza hata kipande kimoja, lakini mkimbizi hatoi ushahidi asioulizwa. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Hata hivyo, na hili tusimnyime, aliitii ile habari ya damu kwa moyo wote. Kila kipande kilichobaki nyumbani alikivunja akakimwaga chooni. Na kwa kuwa watu hawali toba, alitafuta biashara nyingine upesi: samaki. Vichwa vya sangara na wale samaki wadogo wa kufukiza. Pipa lilikuwepo, Emile alikuwepo, na mbao za kijani zilikuwa bado rundo zima chini ya turubai.

"Wewe usibebe kitu," Pélagie alimwambia binti yake. "Kaa tu hapa kwenye kigoda, geuza samaki, pepea moto. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mimba."

Esperance akakaa. Alikaa penye moshi asubuhi, akakaa penye moshi jioni, kanga puani upepo ulipogeuka, akikohoa kidogo na kucheka macho yakimtoka machozi. Mama yake alipita akamgusa bega na kumshukuru Mungu, kwa sababu aliamini amemtoa mwanawe kwenye hatari.

&nbsp;

Kipimo cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

Lamwaka alikisoma mara mbili. Alikuwa amechoka, foleni ilikuwa inafika nje ya mlango, na alifanya kosa ambalo daktari mwenye akili hulifanya siku ya namna hiyo: aliamini hesabu yake kuliko mgonjwa wake.

"Esperance, udongo unaupata wapi?"

"Sijala, docta."

"Damu haisemi uongo. Imepanda. Unaficha wapi?"

"Haki ya Mungu sijala. Hata harufu yake nimesahau."

"Unamuua mtoto wako mwenyewe," Lamwaka alisema, si kwa sauti ya chini. Wanawake wa kwenye benchi waligeuza shingo. Mmoja alifyonza meno.

Nyumbani ikawa balaa. Pélagie alipekua godoro, mto, sanduku la nguo, mpaka soksi ndogo za mtoto alizokuwa akizifuma Esperance mwenyewe. Alimwamuru binti aliyekwisha kuolewa afungue mdomo, akamnusa kama mtu anayemtafuta mlevi. Hakupata kitu. Kutopata kitu hakukumtuliza. Kulimfanya aone binti yake ni mjanja kuliko alivyodhani.

"Bienfait akirudi nitamwambia nini miye?" alilia. "Nilimlinda mke wako, akanizidi akili?"

Emile alimwonea huruma binti yake, lakini hata yeye, siku hiyo, aliamini kwamba amekula.

Lamwaka hakulala vizuri na lile neno alilolitoa. Siku chache baadaye alipita Bukoto bila kuitwa. Esperance alikuwa amelala ndani, Pélagie yuko sokoni, na Emile alikuwa peke yake penye pipa. Alipomwona daktari aliinuka haraka na kusimama kati yake na lile rundo lililofunikwa turubai.

"Papa Emile, nataka nikuulize kama mtu asiyejua kitu. Hapa kwenu kuna betri za gari zinazofunguliwa? Kuna mtu anayeyeyusha chuma?"

"Hakuna."

"Kuta zimekwanguliwa? Rangi ya zamani yoyote?"

"Rangi?" Emile aliuliza. "Rangi inafanya nini?"

"Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi. Ikikaa ukutani haina neno kubwa. Ukiikwangua inakuwa vumbi. Ukiichoma ni mbaya zaidi, inapanda na moshi, mtu anaivuta moja kwa moja."

Nyuma ya magoti ya Emile, ndani ya pipa, kipande cha mlango wa ghala kilikuwa kinawaka.

Alikuwa na nafasi pale. Hakuna aliyemkaba koo. Neno moja tu lingetosha, na hata asingelazimika kumtaja Ojera. Lakini woga una haraka kuliko mapenzi, na ulimtangulia kufika mdomoni.

"Hapa hakuna rangi, docta."

Daktari akaondoka. Emile akachomoa vile vigogo motoni kimoja kimoja, akavimwagia maji. Sasa alijua. Jioni ile, kabla mkewe hajarudi, alibeba mbao zote zilizobaki na kuziweka kando ya barabara ya chini, penye jalala. Hakumwambia mtu zina nini. Kuni za bure hazilali Kampala. Muuza chapati alibeba, muuza muhogo wa kukaanga akabeba, na mama mmoja akamshukuru Emile kwa roho yake nzuri. Kesho yake alinunua mkaratusi. Pélagie alimgombeza kwa kupoteza pesa wakati nyumba inayumba, na yeye akasema zile mbao zimekwisha. Alijipa moyo kwamba chanzo kimeondoka, kwamba damu itashuka yenyewe, kwamba hakuna haja ya kuumiza watu na jambo lililokwisha.

&nbsp;

Uchungu ulimshika Esperance kabla ya wakati. Alizaa mtoto wa kiume, mdogo, mzuri, mwenye nywele nyingi kichwani, na mtoto hakulia. Mkunga alimsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena, halafu akamfunika. Hiyo ndiyo habari yote, na haina namna nzuri ya kuielezea.

Kwenye matanga walikuja wanawake wa kanisani, Wakongo wenzao, wakajaza chumba na ukumbi. Waliimba, walipika, walifagia, kama inavyopasa. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, alisema kazi ya Mungu haina makosa. Pélagie alikuwa amejizuia siku nzima, na neno hilo lilimfungua.

"Msimsingizie Mungu," alisema. "Binti yangu huyu alikula udongo. Daktari alimkataza, miye nilimkataza, akala kwa kificho. Damu yake ilimsema mara mbili. Mjukuu wangu ameuawa kwa ulafi."

Nyimbo zilikatika. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Esperance alitoka kwenye mkeka alikolala, maziwa yakiwa yamemlowesha gauni, akajikokota mpaka miguuni mwa mama yake akapiga magoti.

"Mama, mimi sikumbuki kula," alisema. "Nimejiuliza sana. Labda nilikula usingizini, labda shetani alinifunika macho. Lakini kama damu inasema nilikula, basi nilikula. Unisamehe. Mwambie Bienfait anisamehe."

Pélagie alifunika uso na kulia. Ikabidi baba mtu aseme kitu, maana watu wote sasa walimtazama yeye. Emile aliinuka kutoka kwenye benchi, akamshika binti yake mkono, akamnyanyua.

"Inatosha, mwanangu," alisema. "Mungu amekusamehe."

Wanawake waliitikia amina.

&nbsp;

Kipuri kilifika. Lamwaka alipima udongo mbichi wa kinamasini, shimo kwa shimo, akarudia, kisha akaenda na majibu yake moja kwa moja kwa Odur.

"Ni safi," alimwambia. "Yote. Udongo hauna kosa, kosa limeingia penye moto. Tulifunga kitu kisichohusika, na chenye sumu bado kiko mtaani hatujui ni nini. Tutangaze upya, bwana."

Odur alisoma karatasi polepole mpaka mwisho.

"Nasema nini sasa? Jana udongo naua, leo udongo ni nzuri? Hawa watu kesho nikiwaambia chanjo, watanicheka."

"Watacheka zaidi wakijua tulijua."

"Tafuta kwanza hiyo kitu ya kwenye moto. Leta mkononi mwangu. Wakati hiyo nitasema." Akamrudishia karatasi. "Wewe mwenyewe ulitia sahihi, daktari."

Alikuwa ametia sahihi, ni kweli, na alilifikiria hilo njia nzima ya kwenda Bukoto. Aliikuta familia yote ndani. Esperance alikuwa amefungwa kifua kwa kitambaa ili maziwa yakauke. Safari hii hakuna aliyemnyanyukia mgeni, na Lamwaka alikaa sakafuni.

"Nimekuja kwa mambo mawili," alisema. "La kwanza ni lako, Esperance. Udongo wenyewe ni safi, tumeupima wote. Sumu inatoka motoni, na pipa lenu liliendelea kuwaka hata baada ya udongo kwisha, ndiyo maana damu yako ilipanda wakati ukiwa huuli. Ulisema kweli, na mimi nilikuaibisha mbele ya watu. Nakuomba radhi."

Esperance alimtazama bila kuelewa. Pélagie alielewa kwanza.

"La pili ni lako, papa Emile. Nilikuuliza kuni. Nakuuliza tena, na sikuja na polisi."

Emile alisema. Alianzia kwenye ghala na pengo la mabati, na alipokwisha kuanza hakuweza kusimama: rangi ya kijani, udongo wa chini ya pipa, samaki, kigoda. Alisema na ile siku aliyoulizwa juu ya rangi, mlango ukiwaka nyuma yake. Alisema na mbao alizoziweka barabarani. Lamwaka hakuandika neno.

"Ziko wapi sasa?"

"Watu walichukua. Yule wa chapati pale chini. Wa muhogo. Wengine siwajui."

"Ulijua," Pélagie alisema. Sauti yake ile ya sokoni ilikuwa imerudi, lakini ndogo, kavu. "Nilimnusa mtoto mdomo kama mwizi. Nilimwita muuaji mbele ya kanisa. Na weye ulijua."

"Wakati wa kumnusa nilikuwa sijajua."

"Na wakati wa matanga?"

Esperance alimgeukia daktari.

"Kama papa angesema ile siku ya kwanza, mtoto wangu angekuwa hai?"

Lamwaka angeweza kusema ndiyo, na pengine Emile alistahili kusikia hivyo. Angeweza kusema hapana, na nyumba ingepata pa kupumulia. Yote mawili yalimjia ulimini.

"Sijui, Esperance. Huenda. Ulikuwa umekula ule wa moshi tangu mwanzo wa mimba, na risasi haitoki upesi. Watoto wengine hufa bila risasi. Mtu akikuambia anajua, anakudanganya."

Alisimama, akakung'uta sketi. Ilikuwa alasiri, saa ambayo majiko ya kando ya barabara huanza kuwashwa.

"Papa Emile, lazima unionyeshe hao watu kabla hawajawasha. Na mbao moja tu nikiipata, Bwana Odur atalazimika kusema. Hata Hajati Rukiah atapata haki yake."

Emile alivaa viatu. Alitafuta kibali chake mfukoni, akakikuta, akakirudisha. Alikuwa ameshika mlango Esperance alipomwita.

"Papa."

Aligeuka.

"Siku ile uliniambia Mungu amenisamehe. Alinisamehe nini?"

Daktari alikuwa anamngoja uani. Emile alibaki pale kizingitini, mkono mlangoni, hawezi kutoka wala kurudi ndani.